Kuchimbiwa kisima kirefu Dodoma: tathmini ya huduma nzima, kuanzia kipimo cha ardhi hadi kibali cha bonde

Kampuni za kuchimba visima hapa Dodoma zinauza kitu kinachofanana: bei kwa mita, picha ya maji yakiruka juu ya mtambo, na ahadi kwamba "kibali tunashughulikia sisi". Picha haikuambii nani anajua kazi. Anayejua kazi hutambulika kwa karatasi moja ambayo wateja wengi hawaiombi, nayo ni ripoti ya majaribio ya pampu, yaani jedwali linaloonyesha kisima kinatoa maji kiasi gani pampu ikiendeshwa kwa saa nyingi. Bodi ya maji ya bonde, chombo cha serikali kinachosimamia maji ya bonde la mto, inaihitaji ili ijue ikuruhusu lita ngapi. Muuza pampu anaihitaji ili asikuuzie kubwa kupita kiasi, na fundi wa sola anaihitaji ili ahesabu paneli. Kwa hiyo hapa kila hatua ya huduma inapimwa kwa swali moja: je, inakufikisha kwenye karatasi hiyo?

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyobadilisha biashara hii. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, ambayo sasa ni Sura ya 331 na ilifanyiwa marekebisho 2022, inayahesabu maji yote ya Tanzania Bara kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Hati ya kiwanja inakupa ardhi. Haki ya kutoa maji yaliyo chini yake inatoka kwa bodi ya bonde. Sheria hiyohiyo imepanga foleni: matumizi ya nyumbani kwanza, kisha maji yanayoachwa kwa ajili ya mazingira, halafu ndipo kilimo, viwanda na mengineyo. Mwenye shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi aielewe foleni hiyo kabla hajalipa senti, kwa sababu mwaka wa ukame yeye ndiye anayepunguziwa mapema.

Usumbufu wa kwanza kwa mteja wa Dodoma ni kujua aende bodi ipi. Mkoa huu umegawanywa na mabonde matatu, na mipaka yake haifuati wilaya. Jiji na upande wa mashariki humwaga maji kwenye Mto Kinyasungwe, ambao unakwenda kuungana na Wami. Hilo ni Bonde la Wami/Ruvu, makao makuu Morogoro. Bahi, Chemba na Kondoa zinafuata Mto Bubu unaoishia kwenye ardhioevu ya Bahi bila kufika baharini. Hilo ni Bonde la Kati, makao makuu Singida. Upande wa kusini, maji yanayoshuka bwawa la Mtera ni ya Bonde la Rufiji, makao makuu Iringa. Wilaya moja kama Chamwino inaweza kuwa na vijiji vinavyoangukia mabonde tofauti. Mkandarasi mzuri huchukua kuratibu za GPS za eneo na kukutajia bonde lako siku ya kwanza. Anayesema "Dodoma yote ni ofisi moja" atakupotezea miezi.

Kipimo cha ardhi

Chini ya sehemu kubwa ya Dodoma kuna mwamba wa kale wa matale (graniti) na miamba ya jamii yake. Mwamba huo wenyewe hauna maji. Maji yamo kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa. Ndiyo maana visima viwili vilivyoachana mita 50 vinaweza kutoa kimoja lita 3,000 kwa saa na kingine vumbi tupu, na ndiyo maana kipimo hakikwepeki.

Kipimo cha kweli hutumia umeme unaopitishwa ardhini kwa vyuma vinne, na kina sehemu mbili. Kwanza mpimaji hutembea na mstari mrefu kutafuta mahali ambapo upinzani wa ardhi unashuka ghafla, dalili ya ufa au mwamba uliooza. Kisha hupima kwenda chini katika sehemu alizozichagua. Wapimaji wengi wa bei nafuu huruka sehemu ya kwanza: wanasimika vyuma pale mteja alipoonyesha, karibu na geti, wanapima kwenda chini mara moja na kuandika "mita 120". Kwenye udongo wa mchanga mnene jambo hilo lingeweza kupita. Kwenye mwamba wa nyufa ni bahati nasibu. Ripoti inayokubalika iwe na mchoro wa vipimo, kuratibu za sehemu mbili au tatu zilizopangwa kwa ubora, kina kinachopendekezwa kwa kila moja, na leseni ya aliyepima. Utafutaji wa maji chini ya ardhi na uchimbaji vyote vinahitaji leseni ya Wizara ya Maji, na leseni ya kuchimba si leseni ya kupima.

Sehemu iliyochaguliwa iangaliwe kwa jicho la sheria pia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Dodoma watu husahau hili kwa sababu mito yetu ni ya mchanga. Miezi minane haina maji juu, inaonekana kama barabara. Kisheria korongo kavu la Septemba ni mto uleule wa Januari. Na kwa upande wa choo, acha angalau mita 30, kisima kikiwa upande wa juu wa mteremko. Sehemu za makazi yaliyobanana hata umbali huo hautoshi kuzuia naitreti, kemikali inayotoka kwenye kinyesi.

Uchimbaji wenyewe

Hapa kampuni nyingi zina uwezo. Mitambo ipo, kompresa zina nguvu, mita 100 zinachimbwa kwa siku moja au mbili. Makosa yako kwenye vipenyo na kwenye kufunga mabomba.

Muulize mkandarasi shimo litakuwa inchi ngapi na bomba inchi ngapi. Bomba la kisima la inchi 5 lina upana wa nje wa milimita 140. Likishushwa kwenye shimo la inchi 8, yaani milimita 203, pande zote zinabaki na nafasi ya milimita 31, na kokoto za kuchujia za milimita 2 hadi 4 zinashuka vizuri mpaka chini. Shimo likiwa la inchi 6 na nusu, nafasi ni milimita 12 tu. Kokoto zinakwama njiani, pengine mita 20 kutoka juu, na huko chini bomba lenye matundu linabaki likigusana na mwamba uliooza. Baada ya miezi michache pampu inatoa maji ya mchanga, mapanga yake yanalika, na mteja anamlaumu muuza pampu. Kuna pia wanaopunguza gharama kwa bomba la inchi 4: pampu ya inchi 4 inaingia kwa kubanwa, na siku ya kuitoa inakatikia ndani.

Mabomba yenye matundu yakae mahali maji yalipoonekana wakati wa kuchimba, si kwa mazoea ya "mawili matupu, moja la matundu". Kwa hiyo sampuli za udongo na mwamba zipangwe chini kila mita 3, na kina cha kila maji yalipotokea kiandikwe. Mita 3 za mwisho ziwe bomba tupu lenye kizibo, pa kutulia mchanga. Juu ya kokoto ziba kwa udongo wa mfinyanzi, kisha mita 3 hadi 6 za juu zijazwe zege laini kuzunguka bomba. Hiyo zege ndiyo kinga ya maji machafu ya mvua, na ndiyo inayorukwa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mtambo una haraka ya kwenda kazi nyingine. Simama pale uione ikimiminwa.

Majaribio ya pampu

Mtambo unapopuliza hewa kusafisha kisima, maji yanaruka na mkandarasi anatangaza: "Kina lita 4,000 kwa saa." Namba hiyo haifai kununulia pampu. Bomba la inchi 5 linabeba lita 12 na ushee kwa kila mita. Kisima chenye mita 60 za maji kina lita zaidi ya 700 ndani ya bomba peke yake, bila kuhesabu yaliyomo kwenye kokoto na nyufa za karibu. Dakika za mwanzo unapima akiba, hujapima kinachoingia.

Majaribio halisi yana hatua tatu. Kwanza pampu inaendeshwa kwa viwango vinne vinavyopanda, saa moja kila kiwango. Pili inaendeshwa kwa kiwango kimoja kwa saa 24. Kwa kisima kidogo cha nyumbani wengi huridhika na saa 6 hadi 8, lakini kwa shamba msikubali pungufu. Tatu inazimwa na kina cha maji kinafuatiliwa kikirudi. Kina hupimwa kwa utepe wenye kengele, kila dakika kwa dakika 10 za kwanza, kisha kwa nafasi zinazoongezeka hadi nusu saa. Kiasi cha maji kinapimwa kwa ndoo na saa ya mkononi: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 36, hizo ni lita 2,000 kwa saa. Mteja anaweza kupima mwenyewe, na anashauriwa afanye hivyo saa ya 1, saa ya 6 na saa ya mwisho.

Kinachotafutwa kwenye jedwali ni tabia ya kushuka. Maji yakishuka haraka mwanzoni kisha yakatulia, ufa unalishwa. Yakitulia halafu baada ya saa 6 au 8 yakaanza tena kushuka kwa kasi, ufa una mwisho wake, ni mfuko. Kisima cha namna hiyo kikijaribiwa saa mbili kinapata alama nzuri, kikifungwa pampu kinakauka wiki ya tatu. Na kama baada ya kuzimwa maji hayarudi karibu na pale yalipoanzia, punguza matarajio zaidi.

Kwa ardhi ya Dodoma, kiwango cha kutumia kila siku kisizidi asilimia 60 hadi 70 ya kile kilichojaribiwa, na kama majaribio yalifanyika Machi au Aprili shusha tena. Sababu iko kwenye kumbukumbu ndefu za visima vya Makutupora, chanzo kikuu cha maji ya jiji. Kati ya 1955 na 2010, misimu 7 tu yenye mvua kubwa kuliko yote ilileta takribani asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Miaka mingine kiwango kinashuka kidogo kidogo kikisubiri masika kama ya 1997/98. Kisima kinachochimbwa leo huenda kinaishi kwa mvua ya miaka mingi iliyopita.

Hii ndiyo hatua dhaifu kuliko zote sokoni. Kampuni nyingi huiweka kwenye bei kwa neno moja, "testing", wanaendesha pampu kwa jenereta saa mbili na kujaza jedwali kwa kukadiria. Jedwali la kukadiria linajulikana: namba zinashuka kwa hatua sawasawa, 0.5, 1.0, 1.5, jambo ambalo maji halisi hayafanyi.

Siku ya mwisho ya majaribio ndiyo ya kuchukua sampuli ya maabara, maji yakiwa yametoka ndani ya mwamba. Dai vipimo vya floraidi, naitreti na chumvi kwa majina. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita kwa floraidi na 50 kwa naitreti. Ukanda huu wa kati, hasa kuelekea Singida, floraidi si jambo la kubahatisha, na kuchemsha hakuiondoi; kunaizidisha.

Vibali viwili

Mkandarasi anaposema kibali kimo ndani ya bei, mara nyingi anamaanisha kibali cha kuchimba. Hicho kinaruhusu shimo. Kibali cha kutumia maji ni kingine, kinaombwa baada ya kisima kukamilika, na ndicho chenye kiasi, matumizi, mahali na masharti. Watu wengi wana cha kwanza kwenye fremu ukutani na wanaamini wamemaliza. Akija ofisa wa bonde anakuta maji yanatolewa bila kibali, na hilo ni kosa kisheria.

Maombi ya cha pili yanakwenda na uthibitisho wa umiliki au ridhaa ya serikali ya kijiji, ripoti ya kipimo, ripoti ya kukamilika kwa kisima, majaribio ya pampu na majibu ya maabara. Mradi mkubwa unadaiwa pia tathmini ya athari kwa mazingira. Faili likikosa majaribio ya pampu, ndilo linalorudishwa. Kuna ada ya maombi, na baadaye ada ya matumizi kulingana na kiasi, hivyo usiombe kwa kukisia. Ekari 1 ya zabibu ikipewa milimita 4 za maji kwa siku inakula lita 16,000. Kisima salama cha lita 1,400 kwa saa kikiendeshwa saa 7 kinatoa lita 9,800. Hesabu hii fupi ingewaokoa watu waliopanda ekari mbili juu ya kisima cha nusu ekari.

Matumizi madogo ya nyumbani kutoka kisima cha kuchimbwa kwa mkono yana nafuu yake kwenye sheria. Kisima kirefu cha mtambo kisichanganywe nayo. Kiwanda au machinjio yanayorudisha maji machafu kwenye korongo yanahitaji kibali cha kutiririsha, mbali na hivi viwili. Na ukitaka kuuzia majirani, hapo umeingia Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, ile iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ongea na mamlaka ya maji ya eneo lako kabla ya kujenga kioski.

Umeme au sola

Chukua nyumba na bustani inayotaka lita 5,000 kwa siku, maji yakinyanyuliwa mita 80 hadi kwenye simtanki. Kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 40 kwa pamoja, hiyo ni takribani uniti 2.7 kwa siku, uniti 82 kwa mwezi. Aliyekuwa kwenye daraja D1 la TANESCO, la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, pampu peke yake inamtoa na kumpeleka T1, daraja la kawaida. Kwa bei ya T1 ya takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, pampu inakula kama shilingi 29,000 kwa mwezi, na taa na friji navyo vinahamia bei hiyo. Muuza pampu hakwambii.

Mjini, nguzo ikiwa karibu, TANESCO bado ni chaguo la busara. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limepunguza mgawo. Tatizo la pembezoni ni volti. Mota inayovuta ampea 8 kwa waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 100 inapoteza karibu volti 12 njiani. Kama zilizofika nyumbani ni 200, mota inapata 188, inapata joto, na kapasita ya boksi la kuwashia pampu inaungua. Waya wa milimita 4 unapunguza hasara hadi volti 7 na nusu. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko pampu. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwa Bahi, Chemba na mashamba ya mbali, sola ndiyo. Kwa kazi ileile, gawa uniti 2.7 kwa saa 5 za jua kamili, ongeza robo hadi theluthi kwa joto na vumbi, unapata wati 700 hivi. Funga 800 hadi 1,000. Paneli zielekee kaskazini, mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe. Kiangazi zifutwe kila wiki, alfajiri. Usinunue betri, nunua simtanki kubwa zaidi.

Lakini sola inaondoa breki. Kwenye Luku mtu huzima pampu kwa sababu uniti zinaisha. Kwenye sola pampu ya lita 2,000 kwa saa inafanya kazi saa 7 na kutoa lita 14,000, wakati kibali kinasema 5,000 na simtanki limejaa tangu asubuhi. Maji yanamwagika kwenye migomba. Funga floti ya kuzima pampu kwenye tanki, kinga ya kisima kukauka juu ya pampu, na mita ya maji kwenye bomba la kutokea, vyote vitatu siku moja na pampu. Pampu ikae mita 5 au zaidi juu ya mwisho wa kisima na isitazamane na matundu. Bomba la kupandishia kwa mita 80 liwe PN16, yaani la kuhimili presha ya bar 16. PN10 inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake.

Mkataba

Upimaji katika soko la Dodoma unastahili 3 kati ya 5, uchimbaji 4, kufunga mabomba ya kisima 2, majaribio ya pampu 1, ushughulikiaji wa vibali 2. Malipo yafuate alama hizo: gawa bei kwa mistari, usilipe kwa mita peke yake, na zuia robo ya fedha mpaka upokee jedwali la majaribio na majibu ya maabara. Andikeni pia shimo likikosa maji nani analipa nini, na kwamba mkandarasi atalijaza na kuliziba kwa zege kabla mtambo haujaondoka. Shimo kavu la mita 100 likiachwa wazi ni hatari kwa mtoto na mbuzi, na mvua ya kwanza inapeleka uchafu wa juu moja kwa moja kwenye nyufa zinazolisha kisima cha jirani.